Hesabu ya Waliouawa na Kazi

Mkwezi akiteleza juu ya mnazi akaanguka na kufa, mji mzima hujua kilichomwua. Waliokuwa karibu humkimbilia, wazee huitwa, na hata miaka ishirini baadaye mnazi ule huonyeshwa wapitao njia, wakaambiwa kwamba hapa ndipo fulani alipoanguka. Lakini mtu aliyesafisha nyuzi za katani kwa miaka ishirini, akivuta vumbi lake kila siku, kisha akarudi kwao akiwa na kifua kizito, akakohoa miaka mitano na kufa katika nyumba ya mama yake, huyo hana mnazi wa kuonyeshwa. Watu husema amekufa kwa kifua, au kwa pumu, au kwamba siku zake zilitimia. Wala hawasemi uongo. Walakini katika maneno yao yote kazi haitajwi.

Insha hii yahusu vifo vya namna hiyo ya pili. Nakusudia kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuvihesabu, kwanza katika mji mmoja mmoja, baadaye katika nchi, na mwisho katika dunia nzima. Nitajaribu kuonyesha kwamba tangu mwanzo hesabu hii haikutegemea wingi wa wafu peke yake. Imetegemea zaidi kama palikuwapo mtu wa kumwuliza mgonjwa kazi yake, na daftari la kuandikia jibu, mahali pale alipokwenda kufia. Pasipokuwa na viwili hivi wafu huwa wachache vitabuni, hata kama makaburi yamejaa.

Habari za kale zatujia kutoka katika migodi ya Ulaya. Georgius Agricola, tabibu wa Kijerumani aliyeishi katika miji ya wachimba madini, aliandika kitabu kikubwa juu ya madini kilichotoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo alisimulia kwamba katika migodi ya milima ya Carpathian walionekana wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba wameondolewa na maradhi ya kukonda yaliyoletwa na vumbi la mgodini. Hapakuwa na daftari la vifo wala ofisi ya takwimu. Aliyetaka kujua mgodi umeua wangapi ilimpasa kuhesabu eda za mjane.

Zaidi ya miaka 140 ilipita kabla ya tabibu mwingine kulitazama jambo hili kwa mapana yake. Huyo alikuwa Bernardino Ramazzini, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1633. Siku moja alimwona mtu akisafisha shimo la choo katika nyumba yake mjini Modena, naye akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida. Alipomwuliza sababu, mtu yule alimjibu kwamba akaaye humo zaidi ya saa nne hupofuka. Ramazzini akayatazama macho ya yule mtu, akayaona yamewiva na kufifia, kisha akawatafuta wengine wa kazi ile, akawaona hali kadhalika. Tangu hapo akaanza kuingia katika karakana na viwanda ambavyo matabibu wa zamani zake waliona haya kuviingia. Mwaka 1700 alitoa kitabu kilichoeleza maradhi ya kazi zipatazo arobaini: wachimba madini, wafinyanzi, wapaka rangi, waoka mikate, wafua nguo, hata waandishi. Katika kitabu hicho aliwausia matabibu wenzake kwamba, juu ya maswali yote waliyozoea kumwuliza mgonjwa tangu zamani za Wayunani, waongeze moja: Kazi yako ni nini?

Swali hili ni fupi, na aliyelisikia mara ya kwanza huenda alilidharau. Lakini yote yatakayofuata katika insha hii yametoka katika swali hilo. Ramazzini mwenyewe hakuhesabu wafu. Yeye alionyesha tu kwamba yuko mtu wa kuhesabiwa.

Baada ya hapo ugumu wa kwanza ulijitokeza. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza saratani ya korodani iliyowapata watu waliokuwa wamefanya kazi ya kusafisha madohani. Watoto wadogo walipandishwa ndani ya madohani membamba wakakwangua masizi, na masizi yale yakashika katika ngozi zao. Kisha maradhi yakawazukia wakiwa watu wazima. Pott aliweza kuyatambua kwa sababu saratani hiyo ilikuwa nadra sana kwa watu wengine. Kama wasafisha madohani wangalikufa kwa homa au kwa kikohozi, kama wafavyo watu wote, huenda asingaling'amua neno. Maradhi ya kazi yaliyo na uso wake mwenyewe hujulikana upesi. Yale yaliyoazima uso wa maradhi ya kila siku hupita katikati ya watu bila ya kutambuliwa. Nayo hayo ya pili ndiyo mengi.

Dawa ya ugumu huo ilipatikana katika ofisi na si katika hospitali. Mwaka 1837 Uingereza ilianza kuandikisha vifo vyote kwa sheria, na katika daftari la vifo paliwekwa nafasi ya kuandika kazi ya marehemu. Mwaka 1839 aliingia katika ofisi hiyo William Farr, tabibu aliyependa hesabu, akakaa humo miaka arobaini. Farr alitambua kwamba idadi ya wafu peke yake haimwambii mtu kitu. Wakifa wafinyanzi mia katika mwaka, je, ni wengi au ni wachache? Haiwezekani kujua mpaka ijulikane wafinyanzi walio hai ni wangapi, na umri wao ni upi. Hesabu ya watu ya mwaka 1851, ambayo iliwauliza watu kazi zao na kuzipanga kwa umri, ilimpa nusu iliyopungua. Ndipo akaweza kugawanya wafu kwa walio hai, kazi kwa kazi. Katika majedwali ya ofisi hiyo ya karne ya 19 ilionekana wazi kwamba wafinyanzi, wachonga tupa na wenye vilabu vya pombe walikufa mapema, na makasisi walikawia. Kwa mara ya kwanza kikohozi cha mfinyanzi kilitengwa na kikohozi cha watu wote, si kwa kumtazama yeye, bali kwa kumlinganisha na jirani yake.

Hata hivyo daftari hilo lilikuwa na matundu. Mtu aliyedhoofishwa na kazi ngumu aghalabu huiacha akatafuta nyepesi, na akifa huandikwa kuwa alikuwa bawabu au mchuuzi. Hivyo kazi iliyomwua husafika, na ile iliyomhifadhi huchafuka. Wanawake wengi waliandikwa kwa kazi za waume zao, ijapokuwa wao wenyewe walikuwa wakifanya kazi viwandani tangu utoto. Tundu kubwa kuliko yote lilikuwa la watu ambao hawakuwamo daftarini kabisa. Ili kuliona hilo ni lazima tutoke Uingereza tufuate wachimbaji wake mpaka Afrika ya Kusini.

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Ilikuwa ndani ya jiwe gumu lililojaa silika, na jiwe hilo lilitobolewa kwa keekee za mashine na kupasuliwa kwa baruti. Vumbi lake ni jembamba mno; likiingia katika mapafu halitoki, nayo mapafu hujaa makovu na kukakamaa, hata mtu hawezi kupanda kilima kidogo bila ya kuketi. Maradhi haya yaitwa silikosisi. Tena mapafu yaliyoharibiwa hivyo huwa nyumba wazi kwa kifua kikuu.

Wengi wa watu weupe walioshika keekee hizo walitoka Cornwall, jimbo la Uingereza lenye migodi ya kale. Vita vya mwaka 1899 vilipofunga migodi, walirudi kwao, na wengi wakafa kwao. Huko Cornwall kila kifo kiliandikwa pamoja na kazi ya marehemu. Kwa hiyo mwaka 1904 John Scott Haldane, bingwa wa elimu ya kupumua, yeye na wenzake walipochunguza afya ya wachimbaji wa jimbo hilo, waliweza kufungua madaftari na kuulizia habari za waliokufa. Walikuta kwamba wachimbaji waliokuwa wakifa katika ujana wao walikuwa kwa sehemu kubwa watu walioshika keekee, na wengi wao walikuwa wametoka Transvaal. Kilio hicho kilisikiwa. Tume iliundwa Afrika ya Kusini mwaka 1902, sheria za fidia kwa maradhi ya vumbi zikafuata mwaka 1911 na 1912, ofisi ya matabibu wa kuwapima wachimbaji ikafunguliwa mwaka 1916, na mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani likakutanisha mabingwa wa nchi mbalimbali mjini Johannesburg kujadili silikosisi. Katika miaka hiyo Afrika ya Kusini ilitajwa kuwa mfano wa nchi iliyoyajua maradhi haya na kuyashinda.

Lakini wachimbaji wengi katika migodi hiyo hawakuwa watu wa Cornwall. Walikuwa Waafrika waliotoka Msumbiji, Lesotho, Unyasa na mahali pengine, wakaja kwa mkataba wa miezi, wakarudi, wakaja tena. Mchimbaji mweupe alipimwa kwa taratibu na kwa picha ya eksirei. Mchimbaji mweusi alitazamwa upesi upesi akiwa katika safu ya wenzake, akapimwa uzito, na akionekana amedhoofika alirudishwa kwao. Kwao hapakuwa na daftari la vifo, wala tabibu wa kuuliza lile swali la Ramazzini. Vumbi lilikuwa moja na mgodi mmoja. Lililotofautiana ni mahali pa kufia, na kwa tofauti hiyo mmoja aliingia katika historia ya udaktari na mwingine akaingia kaburini tu.

Ushahidi wa neno hili wapatikana katika jambo lililotukia mwaka 1913. Wachimbaji waliotoka kaskazini ya latitudo ya 22 ya kusini walikuwa wakifa kwa nimonia kwa wingi wa kutisha, hata serikali ikapiga marufuku kuwaandika kazi. Kwa nini vifo hivyo vilihesabiwa? Kwa sababu nimonia haingoji. Humwua mtu katika muda wa siku chache, na hao walifia kambini, mbele ya macho ya wenye migodi, wakaandikwa, na hesabu yao ikazaa katazo. Silikosisi ina subira; yaweza kumngoja mtu mpaka amalize mkataba wake na kurudi kwao. Katazo lile lilipoondolewa katika miaka ya 1930, mawakala wa shirika la kuandika wafanyakazi ambalo wenyeji waliliita Wenela walifika kaskazini hata Tanganyika, na vijana wa pande za Mbeya na Tukuyu walisafiri kwenda kuchimba dhahabu mpaka kukaribia uhuru wa mwaka 1961. Waliporudi na blanketi na baiskeli, watu waliviona. Yaliyokuwa vifuani mwao hayakuonekana.

Yaliyofichika hivyo yaliweza kufichuliwa baadaye kwa njia moja tu, nayo ni kuwafuata watu nyumbani. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda katika kijiji cha Thamaga, Botswana, wakawapima wanaume 304 waliowahi kufanya kazi katika migodi ya Afrika ya Kusini. Zaidi ya robo yao walikuwa na maradhi ya vumbi mapafuni. Watu hao hawakuwa wamejificha. Walikuwa wameketi nyumbani kwao miaka yote, wakingoja mtu wa kuwauliza.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yalitukia Afrika peke yake. Katika miaka ya 1930 na 1931 huko Marekani, karibu na mji mdogo wa Gauley Bridge katika jimbo la West Virginia, mlima ulitobolewa ili maji ya mto yapitishwe ndani yake kuendesha mitambo ya umeme. Mahali hapo paitwa Hawk's Nest. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na watu wapatao 3,000 walifanya kazi ndani ya mlima, wengi wao wakiwa watu weusi waliotoka majimbo ya mbali kutafuta riziki. Jiwe la mlima lilikuwa na silika nyingi mno, likatobolewa kavu bila ya kurushiwa maji ya kutuliza vumbi. Wengine waliugua baada ya miezi, si miaka. Je, walikufa wangapi? Vifo vilivyokubaliwa na wahusika vilikuwa 109. Mwaka 1936 kamati ya bunge la Marekani ilisikiliza mashahidi, ikatajiwa vifo 476. Mwaka 1986 daktari Martin Cherniack alichapisha uchunguzi wake, ambamo alilinganisha vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetazamiwa kwa watu kama wale, akakadiria vifo 764.

Hizi ni hesabu tatu za mlima mmoja, na kila moja ni kubwa kuliko iliyoitangulia. Katika miaka hiyo hamsini wafu hawakuongezeka. Kilichoongezeka ni juhudi ya kuwatafuta. Wengi walikuwa wamerudi makwao kufa, na vyeti vya wengine vilisema nimonia au kifua kikuu. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika maradhi ya kazi methali hii haikutimia: kilio kimelia, na maradhi bado yamefichika.

Mwaka 1960 jambo jingine lilidhihirika. J. C. Wagner na wenzake wawili walitoa habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya ngozi nyembamba iliyofunika mapafu, ambao karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto katika Rasi ya Kaskazini Magharibi, Afrika ya Kusini. Baadhi yao hawakupata kuajiriwa machimboni. Walikuwa wameishi karibu tu, wengine tangu utoto. Tena kati ya kuvuta vumbi na kuugua ilipita miaka mingi, aghalabu zaidi ya ishirini. Hapo wataalamu walipata, kama Pott kabla yao, maradhi yenye uso wake mwenyewe: palipoonekana mesotelioma, asbesto ilikuwa imepita hapo. Lakini walijifunza vilevile kwamba vifo vihesabiwavyo leo ni deni la kazi za jana, na kwamba nchi iliyoacha kutumia asbesto mwaka huu itaendelea kuzika watu wake kwa miaka mingi.

Sasa tufikie hesabu ya dunia nzima, na yafaa kueleza jinsi inavyofanywa, kwa maana wengi huiamini au huikataa bila ya kuijua. Tuseme pana mji wenye watu wazima 1,000, na katika hao 250 hufanya kazi katika vumbi. Katika wale 750 wasio na vumbi hufa wanne katika kila mia kwa maradhi ya mapafu, yaani 30. Katika wale 250 wa vumbini hufa wanane katika kila mia, yaani 20. Jumla ya wafu ni 50. Kama pasingalikuwa na vumbi, katika wale 250 wangalikufa 10 tu, na jumla ingalikuwa 40. Kwa hiyo vifo 10 katika 50 vimeletwa na kazi. Hesabu ni sahihi, wala haina shaka. Lakini mtu akiuliza, hao kumi ni akina nani? Hakuna awezaye kuwaonyesha kwa kidole. Wamo katika wale 20, kila mmoja amekufa kwa maradhi yaleyale, na hakuna alama juu ya maiti itengayo mmoja na mwingine.

Kwa njia kama hii, iliyopanuliwa kwa nchi, umri na jinsia, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio yao ya pamoja mwezi wa Septemba 2021. Walichukua hatari 19 za kazini, wakaziunganisha na maradhi na majeraha katika jozi 41, kwa nchi 183. Walikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu karibu milioni 1.9 walikufa kwa sababu ya kazi zao. Vifo vya ajali vilikuwa kama 360,000 tu. Waliobaki, yaani zaidi ya wanne katika kila watano, waliuawa na maradhi. Kwa kila mkwezi aliyeanguka mbele ya macho ya watu, wanne walikufa kimya kimya.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hatari iliyoongoza haikuwa vumbi, wala moshi, wala sumu, bali saa za kazi. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulihesabiwa kuwa kumeleta vifo karibu 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka huo mmoja, ilhali vumbi, gesi na moshi wa kazini vilileta vifo 450,000. Wajapani walikuwa wamekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1969 kijana wa miaka 29, mfanyakazi wa idara ya kupeleka magazeti, alikufa kwa kiharusi, na kifo chake chatajwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo katika nchi yao. Baadaye walivipa vifo hivyo jina, karoshi, maana yake kufa kwa kuzidiwa na kazi. Jambo likipata jina, familia ya marehemu hupata neno la kulitamka mbele ya serikali, na karani hupata neno la kuandika.

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani, kwa hesabu yake lenyewe, lilitaja vifo karibu milioni 2.93 kwa mwaka, na katika hivyo milioni 2.6 ni vya maradhi. Msomaji atauliza: iweje kazi iue watu milioni 1.9 katika hesabu moja, na milioni 2.9 katika nyingine? Je, mmoja wao hasemi kweli? La, sivyo. Hesabu ya kwanza ilikubali tu zile jozi za hatari na maradhi ambazo ushahidi wake ulitosha kuingizwa. Ya pili ilitandaza wavu mpana zaidi. Tofauti ya watu milioni moja si kosa la kujumlisha, bali ni tofauti ya maswali yaliyoulizwa. Hawk's Nest ilikuwa hivyo hivyo, ijapokuwa huko tofauti ilikuwa ya mamia tu.

Tena makadirio yote haya yamejengwa juu ya madaftari ya vifo, na madaftari yenyewe yana upungufu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba vifo vinne katika kila kumi duniani haviandikishwi, na katika bara la Afrika huandikishwa kimoja tu katika kumi. Kwa hiyo nchi zilizo na vumbi jingi na madaftari machache hukadiriwa kwa kipimo cha nchi za wengine. Ikitokea kwamba jedwali laonyesha maradhi machache ya kazi katika nchi kama hizo, mwenye hekima asiseme kwamba watu wao wana afya. Aulize kwanza ni nani aliyewapima.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Takwimu hutupa idadi isiyo na majina. Sheria hutaka jina, wala haitosheki na idadi. Mfano wake ni Thembekile Mankayi, aliyefanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Afrika ya Kusini tangu 1979 hata 1995, akatoka na silikosisi na kifua kikuu. Kwa mujibu wa sheria ya fidia alipewa randi 16,320. Aliona kwamba haki haikutendeka, akaishitaki kampuni. Shauri lilikwenda kutoka mahakama hadi mahakama mpaka Mahakama ya Katiba, ambayo mwezi wa Machi 2011 iliamua kwamba mchimbaji wa aina yake ana haki ya kumdai mwajiri wake mahakamani. Mankayi mwenyewe alikuwa amekufa siku chache kabla ya hukumu. Lakini mlango alioufungua uliingiwa na maelfu. Mapatano ya mwaka 2018, yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2019, yaliweka fidia kwa wachimbaji waliougua, na kwa warithi wa waliokufa, kwa kazi zilizofanywa tangu mwaka 1965. Ndipo ikawa lazima kuwatafuta watu vijijini, katika Afrika ya Kusini na katika nchi za jirani: nani alifanya kazi wapi, miaka mingapi, na alikufa kwa nini. Kazi ambayo ingalifanywa na karani kwa dakika tano siku ya kifo, sasa yafanywa kwa taabu nyingi miaka thelathini baadaye, na mara nyingi jibu halipatikani, maana aliyelijua amekwisha kufa.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tuna sehemu yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 juu ya wafanyakazi wa katani wa Tanzania ulionyesha maradhi ya kifua katika watu waliozishika nyuzi kavu zenye vumbi. Kwa hiyo yule mtu niliyemtaja mwanzo si wa kubuni tu. Sheria zimekwisha kutungwa: Kenya ilipitisha sheria ya fidia ya majeraha ya kazini mwaka 2007, Tanzania yake mwaka 2008, na mfuko wa fidia wa Tanzania ukaanza kazi mwaka 2015. Lakini sheria ya fidia ni kama mtumbwi uliofungwa ufukoni: ni lazima abiria aufikie. Mtu aliyevunjika mkono mashineni huufikia upesi, kwa sababu kila mtu aliona. Mwenye maradhi ya mapafu atafikaje, ikiwa tabibu aliyempima hakumwuliza kazi yake ya miaka kumi na mitano iliyopita, na yeye mwenyewe adhani kwamba ni baridi ya uzeeni?

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wasomao insha hii wasiidhanie hesabu ya dunia kuwa jambo la mabingwa wa Geneva peke yao. Mabingwa hujumlisha waliyopelekewa. Baadhi yenu mtakuwa matabibu na wauguzi, wengine makarani wa wilaya, wengine wanahistoria mtakaokwenda kuwasikiliza wazee. Mgonjwa akija kwenu anakohoa, msitosheke kumwuliza kazi yake ya leo; mwulizeni alizopata kuzifanya tangu ujana, na mahali alipozifanyia. Na mzee akifa kijijini, andikeni kazi yake ya zamani kando ya jina lake, hata ikiwa fomu haina nafasi. Ramazzini hakuwa na fomu.